Umfuge Nani? Meno ya Paka, Mbwa, Mbuzi, Sungura na Kuku Mbele ya Chakula cha Nyumba ya Mombasa

Wengi wetu hapa Mombasa tunachagua mnyama kwa macho. Paka ana manyoya mazuri, sungura ni mweupe, mbuzi ameuzwa kwa bei ya kutupa. Swali la atakula nini huja baadaye, na jibu huwa moja: makombo. Wali uliobaki, kipande cha chapati, mkate wa jana, vichwa vya samaki. Mimi naomba tuanze na mdomo. Kabla hujamleta mnyama nyumbani, mfunue midomo au mwombe mwenye kumuuza akufunulie, maana meno yake yanakwambia utanunua chakula gani kwa miaka yote utakayokaa naye.

Kuna mambo matatu ya kutazama. Kwanza meno ya mbele: yapo juu na chini, na yamekatwa namna gani? Pili magego: yana ncha kali au yana uso wa kusagia? Tatu ni mwendo wa taya, na hili ndilo wachache hulitazama ingawa linaeleza kuliko yote mawili. Taya linalopanda na kushuka tu ni la kukata. Taya linalokwenda kando ni la kusaga. Msubiri mnyama ale, umtazame dakika mbili, utajua.

Paka au mbwa?

Paka mzima ana meno 30, mbwa ana 42. Hayo 12 ya tofauti yote yako nyuma ya chonge. Mbele wamelingana: meno madogo 12 na chonge 4 kila mmoja. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini mbwa anaweza kuishi na kitu ambacho paka hakimtoshi, usitazame chonge, tazama nyuma.

Nyuma ya mdomo wa paka kuna jino la juu na jino la chini, kila upande, ambayo yakifunga hupishana kama makali ya mkasi. Hayakutani uso kwa uso. Hakuna mahali pa kusagia chochote. Mpe kipande cha nyama umtazame: atainamisha kichwa upande, akisukume kipande mpaka pembeni ya mdomo, akate mara mbili tatu, ameze vipande vizima. Taya lake haliendi kando hata kidogo. Mnyama huyu hakupewa kifaa cha kuvunja punje ya wali, na ulimi wake hauhisi hata utamu wa sukari, kwa sababu kinasaba kinachohitajika kuutambua utamu huo kimeharibika kwake.

Mwili wake unafuata meno yake. Paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, na hiyo huipata katika nyama na samaki, haimo katika nafaka. Akiikosa kwa muda mrefu macho hupofuka, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba upungufu huohuo hulegeza moyo wake mpaka ukashindwa kusukuma damu. Paka anayelishwa wali wenye mchuzi wa samaki hushiba, na tumbo linaonekana limejaa, lakini anakonda kwa ndani. Wale wa Mji wa Kale wanaozunguka samaki wanaposhushwa wana mlo bora kuliko paka wengi wanaolala kwenye makochi.

Ukiamua paka, basi panga kununua. Moyo wa ng'ombe, firigisi na mioyo ya kuku, dagaa, mabaki ya nyama ya buchani: hivi ndivyo vya bei nafuu vinavyomfaa. Ukichemsha, mpe na maji yake, kwa kuwa taurini huyeyukia majini na ukiyamwaga umemwaga nusu ya maana. Samaki mbichi peke yake kila siku si salama, maana samaki wa aina kadhaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu ya mapishi yetu: kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka na kwa mbwa pia. Vinavunja chembe nyekundu za damu. Mchuzi wa biriani, pilau, samaki wa kupaka, vyote vimejaa vitunguu. Mtengee nyama yake kabla hujatia viungo sufuriani.

Mbwa naye ana mkasi huohuo, lakini nyuma yake yamepangwa magego mapana yenye mabonde, na hayo yanakutana uso kwa uso. Anaweza kuponda. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliolinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu, ikaonekana mbwa wa majumbani wamezidishiwa nakala za kinasaba cha kuvunja wanga. Ugali uliochanganywa na dagaa na mabaki ya nyama unamfaa mbwa, mradi nyama isiwe ya kunusisha tu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha. Najua nyumba nyingi za Waislamu mbwa hakai ndani, hukaa uani kwa ulinzi; hata huko uani anastahili chakula kilichopikwa kwa ajili yake.

Mbuzi au sungura?

Hapa ndipo watu huchanganya sana, kwa vile wote wawili wanakula majani. Midomo yao lakini haifanani.

Mbuzi mzima ana meno 32, sawa na mtu mzima, na hapo ndipo kufanana kunapoishia. Mbele juu hana jino hata moja. Ana ufizi mgumu, mpana, na meno 8 ya chini hulibana jani dhidi ya ufizi huo, kisha kichwa kinavuta kwa ghafla na jani limekatika. Baada ya hapo kuna pengo refu, halafu ndiyo magego 24. Midomo yake ni myepesi mno: anaweza kuokota jani moja la mkunazi katikati ya miiba miwili bila kujichoma. Kwa sababu hiyo mbuzi anapenda majani ya vichaka kuliko nyasi za chini.

Mtafute mbuzi aliyelala kivulini saa saba mchana. Utaona uvimbe mdogo unapanda shingoni, chakula kimerudi mdomoni, na taya la chini linatoka kando, linazunguka, linarudi katikati, linatoka tena upande uleule. Anacheua. Magego yake yana mistari ya enameli, yaani ganda gumu la jino, iliyopakana na sehemu laini. Laini huisha haraka kuliko ngumu, basi uso wa jino hubaki na makunyanzi yanayosaga nyuzinyuzi miaka mingi. Kila anaposaga ndivyo anavyolinoa.

Lakini baada ya meno kuna tumbo lenye vyumba vinne, na chumba cha kwanza kimejaa vijidudu vilivyozoea majani. Ukimpa mbuzi wanga mwingi kwa mara moja, vijidudu hivyo huugeuza kuwa asidi kwa kasi. Tumbo linasimama, mnyama anavimba, na anaweza kufa katika siku moja au mbili. Baada ya arusi sufuria la pilau likimwagwa nje ya geti, mbuzi wa mtaa hulivamia, na kesho yake mwenyewe anasema amerogwa au amelishwa sumu. Ni wali. Mkate, unga wa mahindi na makombo ya chapati ni vivyo hivyo. Kiganja kimoja hakiui, sinia linaua.

Tena kuna plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na mitaa ikapata nafuu, lakini karatasi za nailoni za kufungia vyakula bado zinazagaa. Mbuzi hazitemi. Zinakaa tumboni zikijisokota mpaka nafasi ya chakula inakwisha. Kama pale unapokaa huwezi kumfunga wala kumpelekea majani, na lazima ajitafutie jalalani, mbuzi si chaguo lako.

Sungura ana meno 28, hana chonge, na mbele juu ana meno 4: mawili makubwa unayoyaona na mawili madogo yaliyojificha nyuma yake. Jambo la kulijua kuliko yote ni kwamba meno yake yote yanaota maisha yake yote, ya mbele na magego. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki, maana yake zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka kama hayapungui. Kinachoyapunguza ni nyasi. Nyasi zina chembe ngumu zenye asili ya mchanga, na zinamlazimu atafune kwa saa nyingi, taya likienda kando haraka haraka. Karoti haifanyi kazi hiyo. Karoti ni tamu na inavunjika upesi. Mpe kipande kidogo kama kitu cha kumfurahisha. Kabichi za bure kutoka soko la Kongowea nazo zikizidi humjaza gesi. Mkate na biskuti ndivyo vibaya kuliko vyote.

Sungura aliyekosa nyasi utamjua kwa kidevu. Manyoya ya chini ya kidevu yamelowa mate, anakisogelea chakula, anakinusa, halafu anakiacha. Magego yamekuwa marefu na yana ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimkate meno kwa koleo nyumbani, jino linapasuka mpaka ndani ya ufizi.

Nikiwalinganisha kwa ajili ya Mombasa, mizani inaelemea kwa mbuzi, na sababu si meno peke yake. Sungura hawezi joto. Kuanzia Desemba mpaka Machi mchana wetu hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na banda la mabati lisilo na upepo linamuua sungura kabla hajafikia kuugua meno. Kama una ukumbi wenye upepo wa bahari, maji baridi, na mtu wa kukuletea nyasi kila siku, mfuge. Vinginevyo mwache.

Kununua mbuzi kwa meno

Anayenunua mbuzi wa kuchinja au wa kufuga anahitaji kusoma meno kuliko kusikiliza maneno. Mnada ukiwa na watu wengi muuzaji atasema, "Mama, huyu ni meno mawili, chukua." Mjibu, "Nifunulie, kaka," na uiname mwenyewe. Vuta mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno ya utotoni ni membamba, madogo, yanafanana yote. Yakianza kubadilika, jozi ya katikati huanguka na kuota mawili mapana ambayo huwezi kuyakosea: huyo amepita mwaka 1 au yuko mwaka na nusu. Mapana manne, yuko karibu miaka 2. Sita, karibu 3. Manane, karibu 4, na hapo husema mdomo umejaa. Baada ya hapo meno huanza kuachana, kurefuka na kuvunjika, mpaka mbuzi akawa kibogoyo wa mbele. Kwa mfugaji huyo ni hasara, maana atashindwa kukata majani hata ukimweka penye vichaka vizuri. Umri hutofautiana kidogo kwa aina ya mbuzi na malisho, ila mpangilio haubadiliki.

Kwa mwenye kutafuta mbuzi wa Idi ya kuchinja jambo hili ni la ibada pia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mbuzi wa udhiya atakiwa awe ametimiza miaka 2, na kondoo mwaka 1. Mbuzi mwenye jozi moja tu ya meno mapana huenda hajafika. Mtafute mwenye manne, au mwulize vizuri mtu aliyemzalisha, kisha umwulize ustadhi wako.

Kuku

Hana jino. Anaokota, anameza, na kazi ya kusaga inafanyika kwenye firigisi, kwa misuli na vijiwe alivyovimeza. Punje ya wali, kipande cha chapati, majani ya mchicha, mabaki ya samaki, yote yanasagika humo. Kama lengo lako hasa ni kutumia makombo ya jikoni, basi umempata. Akifungiwa bandani mwekee changarawe ndogo, usimpe chakula chenye ukungu, na chakula chenye chumvi nyingi kipunguze.

Chonge si ushahidi wa nyama

Kabla sijaja kwetu binadamu, kuna kosa moja la kufikiri ambalo ningependa tuliondoe. Watu husema mnyama mwenye chonge kubwa hula nyama. Nenda Haller Park kule Bamburi, katika ile machimbo ya saruji ambayo Rene Haller alianza kuipanda mivinje mwaka 1971. Kiboko akipiga miayo utaona chonge za chini ambazo kwa dume zinaweza kufika nusu mita. Na huyo anakula nyasi. Anazikata kwa midomo yake mipana usiku, kiasi cha kilo 40, na chonge anazitumia kupigana. Mzee, yule kobe mkubwa wa Aldabra aliyeshikana urafiki na kiboko mdogo Owen baada ya Owen kuokolewa Malindi Desemba 2004, ni wa jamii isiyo na meno kabisa, na wote wawili waliweza kula majani upande mmoja wa bwawa. Twiga wa hapohapo, ukimlisha mkononi, utaona ulimi mrefu kama sentimita 45 na ufizi wa juu usio na meno ya mbele, vilevile kama mbuzi.

Mamba ni kinyume chake. Meno yake ni ya ncha, yanafanana yote, na yakianguka huota mengine maisha yake yote. Lakini hatafuni. Anashika, anajizungusha ili nyama ing'oke, anameza. Meno mengi si lazima yawe ya kazi nyingi.

Ukitaka somo hilo bila kulipa kiingilio, tazama meza za samaki asubuhi. Nguru ana meno ya pembetatu, bapa, yenye makali: anakata samaki wenzake. Tasi ana meno madogo ya kuchuna mwani (na miiba yake ina sumu, shika kwa uangalifu). Baadhi ya changu, ukiwafunua, mbele wana meno ya ncha na pembeni wana meno ya mviringo ya kupondea kaa na kombe. Pono meno yake yameungana yakawa mdomo mgumu wa kukwangua matumbawe, na ndani ya koo ana seti ya pili inayoyasaga mpaka yakawa unga. Sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu umepita tumboni mwa pono. Mkizi, mla tope, karibu hana meno, ana tumbo la misuli linalofanya kazi ileile ya firigisi ya kuku. Mpe mtoto nafasi ya kutazama midomo hiyo mitano na kubahatisha nani anakula nini, kabla muuzaji hajaanza kuparua magamba. Atajifunza zaidi ya alichosoma darasani.

Na sisi je?

Mtu mzima ana meno 32: ya mbele 8, chonge 4, na 20 ya nyuma. Mdomo wetu umechukua kidogo kwa kila mmoja. Meno ya mbele yapo juu na chini, yanakata embe. Chonge ni fupi, hazizidi sana meno mengine. Magego yana vilima vifupi vya mviringo na enameli nene, na taya linapanda, linashuka, na linakwenda kando kiasi. Hatuna mkasi wa paka wala makunyanzi ya mbuzi. Kwa hiyo wale wanaobishana vibarazani kwamba meno yetu yanathibitisha tule nyama tu, au majani tu, wote wanalilazimisha jino liseme lisilolisema. Jino letu linaweza kula vingi, na kilichotufungulia mlango ni moto na kisu. Kazi iliyokuwa ya magego tumeipa sufuria.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye mafuvu ya zamani. Mwaka 1959 Mary Leakey alivumbua Olduvai, Tanzania, fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu mwenye magego makubwa mno, aliyeishi karibu miaka milioni 1.75 iliyopita, jingine la aina hiyohiyo lilipatikana Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, mwaka 1969. Wakamwita mvunja karanga, kwa jinsi taya lilivyokuwa. Uchunguzi wa baadaye wa kemia ya meno yake ukaonyesha kuwa chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Taya lake lingeweza kuvunja karanga, ila maisha yake yalipita akitafuna majani.

Sasa mahali tunapozidiwa na baadhi ya wanyama: sungura jino lake linaota, mamba anapata jingine, pono na papa vilevile. Sisi tunapewa seti mbili tu. Ya kwanza ni meno 20 ya utotoni. Ya pili ndiyo ya mwisho. Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, zaidi ya asilimia 95 yake ni madini, na mwili hauwezi kuiotesha tena ikishaisha. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikizidi mdomoni mpaka kipimo chake, pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka, kikawa chini ya 5.5, enameli huanza kuyeyuka. Mate huirekebisha, lakini yanahitaji kama nusu saa au zaidi. Ndiyo maana mara ngapi unakula kitamu ina uzito kuliko umekula kiasi gani.

Tuchukue vitafunio vya watoto wetu wa hapa. Mabuyu yana sukari na rangi juu, tunda lenyewe ndani lina uchachu, na mtoto anayamumunya moja moja nusu saa nzima. Sukari, asidi na muda, vyote vitatu kwa pamoja. Kipande cha halua baada ya chakula cha mchana ni kitamu kuliko mabuyu, lakini kimekwisha kwa dakika chache na mate yalikuwa tayari yanatoka. Kati ya hivyo viwili, kwa ajili ya meno, mimi ningempa halua. Sisemi mabuyu yaondoke Mombasa. Nasema yaliwe kwa pamoja baada ya chakula, kisha mtoto asukutue kwa maji, yasikae mfukoni siku nzima. Juisi ya ukwaju au ya ndimu iliyotiwa sukari, ukilinganisha na dafu au maji, iwekwe mezani wakati wa chakula tu. Na baada ya kitu kichachu usikimbilie mswaki papo hapo. Sukutua, subiri kama nusu saa, maana enameli bado ni laini.

Vya kutafuna kweli ni vipande vya nazi, njugu, korosho, mahindi ya kuchoma, kwa mtoto aliyefika umri wa kuvitafuna bila kupaliwa. Kwa wakubwa wanaotafuna miraa au mugukaa upande mmoja wa mdomo saa nzima na jojo (chingamu) na soda, yale matundu ya upande huo yameletwa kwa kiasi kikubwa na sukari iliyofuatana nayo.

Wazazi, mtoto akifika karibu miaka 6 washeni tochi mtazame nyuma ya magego ya utotoni. Pale panaota gego jipya, kubwa, na haling'oi jino lolote, ndiyo sababu linapita bila mtu kujua. Wengi hulidhani la utotoni na kusema litang'oka. Halitang'oka. Ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni. Uso wake una mifereji mirefu, miembamba kuliko unywele wa mswaki, na chakula hujificha humo. Daktari wa meno anaweza kuiziba mifereji hiyo mapema, bila kuchimba.

Basi uchague nani?

Kama unakaa gorofani, hakuna uwanja, na jikoni kwako samaki au nyama haikosekani, chukua paka mmoja umtengee fungu lake kabla ya vitunguu. Nyumba yenye ua mdogo na makombo mengi ya wali na chapati, fuga kuku. Ua mkubwa unaohitaji ulinzi, na mtu wa kumpikia kila siku, mbwa. Mwenye kipande cha shamba Likoni, Kisauni ya ndani au kuelekea Mtwapa, penye vichaka, anunue mbuzi wawili au zaidi, kwani mmoja peke yake hulia kutwa wala hali chakula vizuri. Sungura nimekwisha kusema sharti zake.

Siku ya kununua, funua mdomo kabla ya kutoa pesa. Paka na mbwa, ufizi uwe wa rangi ya waridi na usinuke. Mbuzi, meno ya chini yaguse ufizi wa juu sawasawa, yasitokeze mbele wala kurudi nyuma. Sungura, meno ya juu yapite kidogo mbele ya ya chini. Kama hayakutani, mrudishie mwenyewe hapohapo, maana meno hayo yatahitaji kukatwa na daktari kila baada ya wiki chache maisha yake yote.